Raia wa Chini ya Ziwa

Naanza kwa kumshukuru Mungu aliyenijalia kujua kuandika nikiwa na miaka hamsini na sita, maana bila hilo haya yangebaki kifuani. Nchi ninayoisimulia sitaitaja. Si kwamba naogopa. Nchi yenyewe haipendi kutajwa, na mimi nililelewa kuheshimu wakubwa.

Nchi hiyo ina ziwa. Liko kwenye bendera, liko kwenye noti, na liko kwenye wimbo wa taifa, ubeti wa pili, ambako linaitwa Ziwa Neema na inasemwa halina mwisho. Mahali pekee ambapo ziwa hilo halipo ni pale lilipokuwa.

Lilianza kuondoka nikiwa kijana. Babu yangu alikuwa na kilima kizima. Alizaa wana saba, wakagawana kilima. Baba yangu alizaa kumi na mmoja, tukagawana ubavu wake. Mimi nilipata matuta manne. Nikilala nikanyoosha miguu, visigino vilikuwa kwa kaka yangu. Tulikata miti ya juu ili tulime, tukakata ya juu zaidi ili tupike, na mvua ilipokuja haikukuta kitu cha kuizuia, ikapita na udongo. Mito mitatu iliyokuwa ikilisha ziwa ilipelekwa kwa mabomba kwenye mashamba ya maua ya waheshimiwa. Sikuona ubaya. Ua nalo ni kiumbe cha Mungu, na haliwezi kuvumilia kiu kama mtu.

Ziwa likaanza kurudi nyuma, nasi tukalifuata. Kila mwaka lilituachia ukanda wa udongo mweusi, na kila mwaka walikuwepo watu wapya wa kuujaza. Wafugaji nao walishuka kutoka upande wa pili, kwa sababu nyasi za kwao ziliisha karibu na wakati ule ule miti yetu ilipoisha. Tulikutana katikati, palipokuwa na kina kirefu zamani, sisi na majembe, wao na ng'ombe. Tukaulizana habari za tulikotoka. Zilikuwa habari moja.

Kilichobaki cha Ziwa Neema ni mkono mmoja mwembamba wa maji, tunaouita Kidole. Mimi hukipima kwa sala. Natembea ukingoni toka mwanzo hadi mwisho nikisema Baba Yetu kwa mwendo wa kawaida, bila kukimbiza maneno. Mwaka tuliohamia, Kidole kilikuwa Baba Yetu arobaini. Mwaka ninaotaka kuusimulia kilikuwa tisa.

*

Rais wa nchi hiyo aliapa mbele ya mabalozi kwamba Ziwa Neema halitakauka yeye akiwa madarakani. Wanasheria wa serikali wakafafanua vizuri: anayesema ziwa limekauka anasema Rais hayuko madarakani, na huo ni uhaini. Mbunge mmoja aliuliza bungeni mbona ziwani kuna vumbi. Waziri akamjibu, "Ziwa halijakauka, Mheshimiwa. Limepungukiwa na maji." Wabunge wakapiga meza. Aliyeuliza akapelekwa kupimwa macho, na mpaka leo bado anapimwa.

Kwa hiyo ramani haikubadilishwa, na sisi watu elfu tisa tunaoishi pale tunaishi, kwa mujibu wa ramani, mita kumi na mbili chini ya maji.

Serikali haikututupa. Ilitutungia sheria. Kila mtu mzima lazima awe na jaketi la kujiokolea. Tunaivalisha ile sanamu ya kufukuzia ndege shambani, na mkaguzi akija tunaivua haraka na kuvaa wenyewe. Jembe linasajiliwa kama nanga. Ng'ombe, kwa kuwa hawezi kuishi kwenye kina kile, ameandikwa kiboko, na kwa kuwa kiboko ni mali ya taifa, wafugaji walikatazwa kumchinja. Polisi wawili wa doria hukaa kutwa ndani ya mashua yao juu ya udongo uliopasuka, na mmoja akitaka kwenda haja humwambia mwenzake, "Afande, naenda kuogelea."

Shule hatukupewa, wala kisima, maana nani huchimba kisima ziwani? Watoto wetu tuliambiwa tukawaandikishe watakapopanda juu. Na katika takwimu za taifa kata yetu husifiwa kila mwaka, kwa kuwa ongezeko lake la watu ni sifuri.

Mimi niliiombea serikali kila asubuhi, maana tumeagizwa kuwaombea wenye mamlaka. Niliwaombea macho.

*

Darasa la jioni lilikuwa ndani ya kanisa letu la turubai. Mwalimu Dorkasi, binti wa mchungaji, alikuwa akishuka kutoka bara mara tatu kwa juma na ubao wake kichwani. Nilikalishwa dawati moja na mfugaji mmoja wa makamo yangu, anaitwa Loruko.

"Wewe ndiwe Zefania," aliniambia siku ya kwanza. "Ng'ombe wangu alikula mahindi yako mwezi uliopita."

"Najua. Nilimpiga jiwe."

"Najua. Mpaka leo anachechemea. Sogea, umekalia daftari langu."

Nilimuuliza kwa nini anajifunza kusoma uzeeni. Akasema, "Nimechoka kusomewa. Kila anayenisomea, nikifika nyumbani nakuta nimepungukiwa na kitu."

Tulipofika kwenye uandishi wa barua tulikuwa tumebaki wanafunzi wawili tu, mimi na Loruko, na Mwalimu Dorkasi alitupa zoezi: kila mmoja amwandikie jirani yake wa dawati. Mimi niliandika, *Usipitishe ng'ombe kwangu.* Loruko alichukua jioni nzima kujibu, ulimi umetoka nje: *Nipite wapi.* Nilikaa na barua hiyo siku mbili. Nilipomwuliza Mungu alinyamaza, kwa namna ile anayonyamaza anapotaka mtu ajibu mwenyewe. Nikaandika, *Njoo tuone.*

Tukaenda tukaona. Tukapima njia ya ng'ombe, hatua kumi upana, kutoka malishoni hadi Kidole. Tukakubaliana kwamba asubuhi hadi saa sita maji ni ya ndoo, na saa sita hadi jua kuzama maji ni ya mifugo. Mkulima atakayepanda ndani ya njia asilie. Mfugaji atakayetoka nje ya njia alipe kwa kusaidia kulima. Tuliandika nakala mbili kwenye karatasi za daftari, tukaweka kichwa cha habari MAKUBALIANO YA KIDOLE, tukatia sahihi, tukampelekea Mwalimu. Alisahihisha kwa kalamu nyekundu, akatupa nane juu ya kumi. Mbili alizikata kwa sababu Loruko alianza neno ng'ombe kwa herufi kubwa kila mahali.

"Hilo si kosa, Mwalimu," Loruko alisema. "Hiyo ni heshima."

Basi tukawasomea vijana. Kiongozi wa vijana wetu alikuwa Eliakimu, mtoto wa kaka yangu, aliyerithi nusu tuta. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Baba mdogo, muhuri uko wapi?"

"Hakuna muhuri. Kuna sahihi."

"Karatasi bila muhuri ni ya kufungia karanga."

Upande wa pili Ekalo, kijana wa mikuki, alimwambia Loruko yale yale. "Hata mimi naweza kuandikiwa kwamba mashamba yao yote ni yangu. Muhuri uko wapi, mzee?"

Sikuwalaumu. Katika nchi hiyo jambo lisilo na muhuri halijatokea. Nimemwona mjane aliyeambiwa mumewe bado yu hai mpaka muhuri upatikane, naye akaendelea kumtengea chakula, ili asionekane anabishana na ofisi. Vijana wakatupa muda hadi mwezi uandame. Muhuri ukija, watafuata karatasi. Usipokuja, kila upande utakunywa kwa nguvu zake.

Kidole kilikuwa Baba Yetu nane.

*

Ofisi ya Wilaya ya Majini iko kwenye ufuko wa zamani, mwendo wa saa tatu kupanda. Gati bado lipo, limening'inia juu ya mbuzi. Mlangoni dada wa mapokezi alitukabidhi taulo.

"Jifuteni kwanza, wazee. Ni utaratibu kwa wanaotoka kilindini."

"Mwanangu, sisi tumekauka," nikasema.

Alishtuka, akautazama mlango wa ndani. "Baba, neno hilo humu usilitumie kabisa."

Tukajifuta. Vumbi lote likahamia kwenye taulo. Akaandika kitabuni: *Wamejifuta.*

Mkuu wa Wilaya alikuwa Kanali Mstaafu Festo Ngulube, mtu mnene aliyevaa sare nyeupe ya majini yenye kamba za dhahabu. Baadaye nilisikia kwamba huona kizunguzungu hata akitazama beseni, na ndiyo maana alichaguliwa kwa ziwa letu.

"Wananchi wapendwa wa kina kirefu!" alianza, ingawa tulikuwa wawili tu. "Serikali yenu sikivu, inayoona mbali na inayoona chini, imefurahi kuwaona mkiibuka salama!" Kisha akaichukua karatasi yetu, akaisoma, na furaha ikamtoka usoni. "Hapa mmeandika *maji yaliyobaki*. Yaliyobaki! Kubaki ni lugha ya maadui wa taifa. Na hapa mnagawana asubuhi na mchana. Mtu hugawana kitu kichache. Mkigawana maji mnalitangazia taifa kwamba maji ni machache."

Loruko akauliza kwa adabu, "Na tukipigana, Mheshimiwa, tutakuwa tumetangaza nini?"

"Mkipigana ni tabia yenu tu. Hilo serikali inalielewa."

"Mheshimiwa," nikasema, "mwezi ukiandama vijana watauana. Tunaomba muhuri tu. Hata mdogo."

"Watauana chini ya maji?" Kanali akacheka mpaka kamba za dhahabu zikacheza. "Mkuki haurushwi majini, mzee wangu. Hiyo ni sayansi." Kisha akatuhurumia. Akasema serikali haikatai kabla ya kuchunguza. Atamtuma Mzamiaji wa Serikali akakague kina, na ripoti yake ndiyo itakayoamua.

Tukarudi tukiteremka. Njiani Loruko akaniuliza, "Zefania, wewe unaomba sana. Umewahi kujibiwa?"

"Niliomba nijue kuandika."

Akasema, "Basi ongeza na muhuri. Mimi Mungu wangu hajui mambo ya ofisi."

*

Mzamiaji alikuja siku nne kabla ya mwezi. Alivaa suti nyeusi ya mpira, mtungi wa hewa mgongoni, kinyago usoni na mapezi miguuni, na kanuni zilimkataza kuvua chochote akiwa ndani ya ziwa. Watoto walimfuata wakipiga makofi. Alitembea hatua kama mia mbili juani, mapezi yakipiga vumbi pa, pa, pa, kisha akaanguka kifudifudi.

Loruko alimbeba hadi kwenye kivuli cha ng'ombe wake, akamvua kinyago, akamnywesha maziwa.

"Mwanangu, unaona nini hapa?"

"Naona vumbi, baba."

"Utaandika hivyo?"

Yule kijana akaanza kulia, na machozi yake ndiyo yalikuwa maji mageni pekee yaliyoletwa na serikali mwaka ule. "Nina watoto sita, baba. Na kwetu sisi ni ndugu tisa, shamba limekwisha. Nikiandika vumbi watakula nini?"

Loruko akamfuta uso kwa shuka lake, akamvalisha tena kinyago, akamsindikiza hadi penye njia ya kupanda ufukoni. Ripoti tuliletewa kesho yake. *Kina: mita kumi na mbili. Uonekano: hafifu kwa sababu ya matope. Viboko: wengi, wapole. Mgogoro wa maji: hauwezekani.* Chini yake kulikuwa na muhuri mkubwa mzuri. Tuliutazama sana muhuri ule, mimi na Loruko, kama wenye njaa wanavyotazama kupitia dirisha la hoteli.

Hatukuwaambia vijana. Tuliwaambia jambo bado linashughulikiwa. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na niliutubu jioni ile ile, nikidhani utakuwa wa mwisho.

*

Mwezi uliandama Jumanne. Ya Jumatano sitasimulia mengi.

Asubuhi Eliakimu na wenzake walifika Kidole na ndoo, wakakuta ng'ombe wameshaingia majini na maji yamekuwa uji. Eliakimu akasema hii ni saa ya ndoo. Ekalo akamwuliza, "Saa zenu zimeandikwa wapi?" Eliakimu akajibu, "Sogea nikuonyeshe."

Mimi nilikuwa nakimbia kutoka upande wangu. Loruko alikuwa ameshafika, amesimama katikati yao na nakala yake mkononi. Alikuwa akisoma kwa sauti. Alisoma neno moja moja, akifuata mstari kwa ncha ya ukucha kama alivyofundishwa, kwa sababu hakuwa amejua bado kusoma haraka. Vijana walikuwa wakipiga kelele, na yeye kila alipopoteza mstari alirudi mwanzo wa sentensi. Alifika kifungu cha pili. Sikuona ni mkono wa upande gani uliomwangusha, na mpaka leo sijataka kujua.

Ilipofika saa nne walikuwa wamelala watu kumi na mmoja, sita wetu na watano wao. Eliakimu alikuwa mmoja. Ekalo alikuwa mwingine, na walilala karibu karibu, mtu asiyewajua angedhani ni ndugu waliochoka kulima. Ng'ombe walimaliza kunywa, wakaondoka wenyewe kwa njia yao ya hatua kumi.

Polisi wa doria waliona yote kutoka kwenye mashua. Walipiga king'ora cha dhoruba.

Nilimfumbua Loruko vidole, nikaichukua karatasi.

*

Saa saba mchana redio ilitangaza kwamba mashua imepinduka katika Ziwa Neema na watu kumi na mmoja wamezama. Uchunguzi wa awali ulionyesha kwamba hakuna marehemu aliyekuwa amevaa jaketi. Wananchi wakaombwa kuacha uzembe.

Ijumaa Kanali Ngulube alikuja kwenye maziko, amesimama ndani ya mashua iliyofungwa juu ya tela la trekta. "Ziwa ni mama," alituambia, "na mama wakati mwingine hulalia watoto wake." Alitoa pole za Rais, ambaye alikuwa ameguswa sana na kwa ajili hiyo alikuwa ameongeza maji ya ziwa kwa asilimia tano kwenye ramani mpya.

Kisha vikaja vyeti vya vifo. Alihitajika mtu wa mwandiko mzuri. Mwalimu Dorkasi hakuwepo. Alikuwa amehamishwa Alhamisi, baada ya kugundulika kwamba amekuwa akifundisha chini ya maji bila kibali. Nikaitwa mimi. Niliwekewa meza kando ya trekta, na wafiwa wakajipanga, wetu na wao kwenye mstari mmoja, maana mstari ulikuwa mmoja. Niliandika majina kumi na moja, kila moja nakala mbili, moja ya ofisi na moja ya wafiwa. Sababu ya kifo sikuiandika. Hiyo ilikuwa kwenye muhuri, ambao Kanali aliutengenezesha mjini kwa ajili ya siku hiyo: wa duara, mwekundu, mawimbi matatu katikati, na kuzunguka mawimbi herufi kubwa, AMEZAMA.

Nakiru, binti wa Loruko, mwanamke wa miaka thelathini hivi, alikuja kwa ajili ya baba yake. "Andika vizuri," aliniambia. "Jina lake alikuwa anajivunia kuliandika."

Niliandika Loruko kwa mwandiko ambao sijawahi kuurudia. Na hapo, Mungu anisamehe, mkono wangu uliingia mfukoni na kutoa nakala zetu mbili, yangu safi na yake yenye doa la damu, nikaziweka chini ya rundo.

Kanali alikuwa anaongea kwenye simu huku akigonga muhuri. Pa. Pa. Pa. Alipofika chini akasita.

"Kumi na mbili? Redio imesema kumi na moja."

"Mmoja alichelewa kupatikana, Mheshimiwa."

Alisoma mstari wa juu kwa taabu, simu ikiwa begani. "Makubaliano... ya Kidole. Huyu ni wa upande gani?"

"Pande zote mbili, Mheshimiwa."

Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Damu mchanganyiko. Hao ndio hupata taabu siku zote." Akagonga, nakala zote mbili. Kidole gumba chake kilikuwa kimekaa juu ya doa la Loruko, na hakukitazama.

*

Jioni redio ilirekebisha idadi. Majina yakasomwa taratibu kwa sauti ya maombolezo, na la mwisho likawa la Bwana Makubaliano wa Kidole, aliyezama akiwa katika shughuli zake za kila siku. Bendera ikashushwa nusu mlingoti kwa ajili yake pia.

Vijana waliobaki walikuja kwangu wakikimbia, wa pande zote mbili. "Mzee Zefania! Karatasi yenu imetajwa redioni!" Nikawaonyesha nakala yenye doa. Wakauona muhuri. Waliugusa mmoja mmoja kwa ncha za vidole. Mmoja wa wafugaji, ambaye kaka yake tulimzika mchana ule, alisema kwa sauti ndogo, "Kumbe umekuja."

Wiki ile tulichomeka mti penye Kidole, tukaitundika karatasi ndani ya nailoni. Tangu siku hiyo asubuhi ni ya ndoo na mchana ni wa ng'ombe. Hakuna aliyepanda ndani ya njia. Hakuna aliyerusha hata jiwe. Yale ambayo watu kumi na mmoja walikosa kwa siku moja tumeyapata kwa pigo moja la muhuri, nao unasema AMEZAMA, na katika watu elfu tisa aliyeweza kuusoma nilikuwa mimi peke yangu. Mwingine tulimzika.

Nadhani unaona shida yangu. Baada ya Mwalimu Dorkasi kuondolewa, darasa la jioni lilinijia mimi. Watu wanapenda kusoma siku hizi, kwa sababu wameona karatasi inavyoweza kufanya kazi. Nakiru alikuja na kukalia nusu ya dawati ya baba yake. Tulianza ba be bi bo bu. Walikwenda haraka kuliko nilivyotaka. Tulipofika ya, ye, yi, yo, yu nikaona hatari iliyo mbele, nikasimama hapo. Nilikaa kwenye ya, ye, yi, yo, yu miezi miwili. Niliwaambia ni mahali pagumu. Kila jioni niliomba nipewe ujasiri wa kusonga mbele, na kila jioni nilifuta ubao na kuandika yale yale.

Juma lililopita Nakiru alinyanyua mkono. "Mwalimu, tumekaa sana hapa. Kuna moja inafuata."

"Ipi?"

"Za. Baba aliniachia daftari lake."

Nikafuta ubao. Kesho yake saa sita, wakati wa zamu, wenye ndoo wakiondoka na ng'ombe wakiingia, nilimwona amesimama mbele ya mti wetu, uso karibu na nailoni. Ncha ya ukucha wake ilikuwa inazunguka pamoja na mawimbi. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilisimama. Wenye ndoo nao wakasimama, wavulana wa ng'ombe wakasogea, maana hakuna aliyewahi kumwona mtu wa huku akiusoma muhuri.

"Nakiru," aliita mama mmoja, aliyezika mwanawe Ijumaa ile, "unasemaje? Tusomee, mwanangu."

Nakiru aliutoa ukucha kwenye nailoni. Alilitazama doa la kona, akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa ya Loruko akisema sogea, umekalia daftari langu. Kisha akawageukia watu.

"Unasema *Imekubaliwa*," alisema kwa sauti. "Basi. Mchana umefika, pisheni ng'ombe."

Watu wakapisha. Mimi nikasema amina, na sijui niliitikia nini.

Jioni ile nilitembea ukingoni mwa Kidole, kama kawaida yangu, kwa mwendo wa kawaida, bila kukimbiza maneno. Niliiombea serikali, ambayo bado tuko chini yake, mita kumi na mbili. Kisha nikaanza sala zangu. Sikufikisha tatu. Maji yaliishia katikati ya Baba Yetu ya tatu, pale penye kuomba msamaha.